Saizi Ndogo Haikuwepo

Mama yangu aliuza mitumba sokoni Morogoro, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa na cha kuuza. Alikuwa na jicho. Ukifika kwenye meza yake, alikutazama mara moja tu akakupa suruali yako bila kukupima. Mteja aking'ang'ania nguo inayombana, Mama alimnyang'anya.

"Hii si yako, baba. Utaichana, kisha uje unilaumu mimi."

Nilikuwa nikimwonea aibu. Leo natamani kumsikia.

Maumivu yalimwanzia ubavuni. Tukasema ni kubeba mabelo ya nguo, maana kwao Mgeta, alikokua akibeba matenga ya kabichi milimani, kuumwa mgongo hakukuwa habari. Alichuliwa mafuta, akanyweshwa mizizi. Alipokojoa damu ndipo tukampeleka hospitali ya binafsi iliyokuwa imefunguliwa mjini, yenye vigae vya kung'aa. Picha ilionyesha jiwe limekwama kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka figo ya kushoto. Ya kulia, kumbe, ilikuwa imesinyaa zamani. Alikuwa anaishi kwa ile ya kushoto tu.

Daktari alituonyesha chombo chake: fimbo ndefu ya chuma yenye taa na kioo cha kuchungulia. Hupitishwa njia ya mkojo, ikapanda hadi kwenye jiwe na kulivunja, bila kumpasua mtu. Ilitoka Ulaya, imeshatumika huko, na aliisifia kama mtu aliyenunua gari. Kwa macho yangu haikuwa nene hata kidogo. Mama aliitazama kama alivyowatazama wateja wake.

"Daktari, hamna saizi ndogo?"

"Zipo nyembamba, mama, ila si hapa. Hii ndiyo tuliyo nayo. Tutakwenda polepole."

"Hiyo itanibana."

Baba akamwambia asimfundishe daktari kazi. Mama akavua hereni zake akanipa.

Ilimbana. Daktari alitoka akatuambia, huku akitazama sakafu, kwamba mrija ulikataa, naye akasukuma kidogo, ukachanika. Alikuwa mtu mpole. Nimeshindwa kumchukia vizuri, na hilo linanikera mpaka leo. Siku chache baadaye, mrija uliposhindikana kushonwa, walimfungua Mama na kuitoa figo, ikabaki ile iliyosinyaa.

Alirudi mezani kwake, akawa anauza amekaa. Gauni zake zikaanza kumpwaya. Alizipunguza kwa sindano na uzi, akamaliza akazipunguza tena, wala hakumlaumu mtu. Mimi nililaumu kwa niaba yake. Alifariki kabla ya masika.

Mawe ni ya ukoo wetu. Miaka mingi baadaye la kwangu lilikwama upande uleule, na daktari mmoja wa kike, umri wa binti yangu, akaniambia nisihofu, siku hizi vyombo ni vyembamba. Nikamwomba anionyeshe. Akacheka, lakini alikileta. Nilikishika muda mrefu. Tofauti yake na kile cha Mama haikuzidi unene wa kijiti cha kiberiti.

Jioni ileile, jiwe likiwa limeshavunjwa, nilikuwa nyumbani nimekaa kitako, nakunywa uji. Majirani walikuja kunipa pole, wakanikuta nalia, wakadhani ni maumivu. Sikuwa na maumivu yoyote. Nilikuwa na hasira. Kijiti kile Mama alikiona kwa macho tu, akakisema, na sote tulikuwepo chumbani.