Jibu Langu Juu ya Mnyama Asiyetajwa

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa amekwenda mafunzo ya siku tatu Goma, na akarudi kule Masisi ametufanyia ugunduzi mkubwa: kila neno katika habari, mwandishi ameliweka kwa makusudi. Kumbe! Sisi miaka yote tulidhani waandishi wanaokota maneno njiani kama kuni. Tangu siku hiyo hatukusoma tena habari ili tujue nani amefanya nini. Tulisoma ili tumkamate mwandishi na makusudi yake.

Na makusudi yenyewe yalikuwa manne tu. Aliyaandika ubaoni, akayapigia mstari: woga, huzuni, furaha, mshangao. Ilikuwa kama dispansari ya kwetu, ukiumwa kichwa paracetamol, ukiumwa goti paracetamol. Mwandishi akisema mvua inanyesha, andika huzuni. Akisema mlango umefungwa, andika woga. Wenzangu walikariri yote manne kwa dakika mbili, wakarudi kupiga stori. Mimi, bingwa wa kujitafutia matatizo, nikaanza kufikiri.

Nilikuwa darasa la tano la humanités, yaani sekondari, ninakaa kwa mama mdogo hapo hapo Masisi, karibu na Kingi. Wazazi wangu walikuwa wanaishi kule Walikale, ndani kabisa ya pori, ambako baba ni mwindaji na mkulima, na Jumapili anaimba kanisani kuliko wote. Mwaka ule hesabu ilikuwa imenishinda, kemia nayo imenishinda. Somo la tatu likinishinda, ninarudia mwaka. Na baba alikwisha kusema, bila kupandisha sauti, kwamba hakuna kurudia: nikianguka, ananifuata, tunakwenda nyumbani kulima. Kwa hiyo maisha yangu yote yalikuwa yamebaki mikononi mwa Kiingereza. Mungu anisaidie.

Siku ya mtihani mwalimu akaandika habari ubaoni, tukainakili. Mtu anaingia pori asubuhi, anafuata mnyama kutwa nzima. Anaona nyayo zake, anasikia anavyovunja matawi, lakini habari nzima mnyama hatajwi jina. Swali la pointi kumi na tano lilisema: mwandishi amechagua kutomtaja mnyama huyu, eleza kwa nini.

Jamani, nilikaribia kucheka peke yangu. Swali gani la watoto wachanga! Kwetu nani asiyejua? Mwindaji aliye kwenye nyayo hataji jina la anachokifuata mpaka kianguke. Hata mama nyumbani, jirani akimuuliza mume yuko wapi, anasema ametoka kutembea. Ukilitaja jina, umemwita mnyama, naye atakusikia aende zake. Nikaandika robo tatu ya ukurasa, kwa Kiingereza changu cha kuunga kwa gundi. Nikaeleza kwamba mwandishi huyu lazima awe mwindaji, ama amelelewa na mwindaji. Nikamkosoa pia, juu ya pale mtu wake alipopiga mluzi. Mwindaji gani anapiga mluzi? Nilitoka mle kichwa juu, ninawahurumia wenzangu.

Karatasi ikarudi na sifuri, ya wino mwekundu, imezungushiwa duara mara mbili ili nisije nikaikosa. Chini yake ameandika hors sujet, yaani nimetoka nje ya swali. Kwenye mtihani wa Kiingereza, kanitukana kwa Kifaransa! Jibu lilikuwa woga. Darasa zima liliandika woga, hata yule aliyelala mtihani nusu saa.

Bila pointi hizo, Kiingereza nacho kimenishinda. Nililia, sitaficha. Mama mdogo akatuma habari, na baba akaja, siku mbili kwa miguu na kwa pikipiki, na koti lake la kanisani. Nilijua amekuja kunichukua. Lakini kwanza akataka kuonana na prefe, mkuu wa shule, asikie kwa masikio yake nimeanguka kwa nini.

Tukakaa ofisini sisi wanne: prefe, mwalimu, baba na mimi. Prefe akasoma jibu langu, akavua miwani.

"Papa, kama uko unafuata nyama mu pori, unataja jina yake?"

Baba akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama suruali inavaliwa kichwani. "Nitaje juu ya nini? Ikimbie?"

"Papa," mwalimu akaingilia, "hapa haiko pori. Hapa iko Kiingereza."

"Na ule muntu ya mu habari, yeye iko wapi?"

"Iko mu pori."

"Eeh, basi," baba akasema, akaegemea kiti.

Prefe alicheka mpaka machozi. Mwalimu hakucheka. Akatoa karatasi yake ya majibu, akaiweka mezani: imeandikwa woga, na inspekta akikuta pointi zimetolewa kwa jibu lingine, nani atajibu? Prefe akaacha kucheka mara moja. Neno inspekta hukausha mate ya watu wazima.

Ndipo akapata dawa yake. Akanisogezea kalamu, akaniita mama, kama wasichana wanavyoitwa kwetu. "Mama, futa ile, andika jibu tena hapa. Mustari moja inatosha."

Nikaishika kalamu. Baba alikuwa pembeni yangu, mikono magotini, haelewi herufi hata moja ya Kiingereza. Nikapiga mistari juu ya robo tatu ya ukurasa, kuanzia juu mpaka chini. Nikaandika kwamba mwandishi anataka kumtia msomaji woga. Mwalimu akanipa kumi na mbili. Tatu alizikata juu ya uchafu, ile mistari niliyoamriwa kupiga.

"Umeandika nini?" baba akaniuliza.

"Nimeandika tena ile jibu yetu, Papa. Bamekubali."

Akasimama. Akaukamata mkono wa mwalimu kwa mikono yake miwili, akainama. "Aksanti sana, mwalimu. Nilikuwa naogopa masomo itamunyanganya mutoto mambo yetu yote."

Mwalimu alijua nilichoandika. Akaigeuza karatasi uso chini, akasema, "Mutoto yako iko na akili, Papa."

Nikapanda darasa la sita, na diploma nikaipata. Baba alirudi Walikale akawasimulia wote jinsi binti yake alivyowafundisha Wazungu kuwinda. Mpaka leo nikifika kule, wawindaji wazee wanasimama kunisalimia, kwa jibu nililolifuta kwa mkono wangu.