Mikono ya Nakhungu

Miaka kumi na moja Jotham Wekoye alipiga deki wodi za hospitali moja kule Kitale, na mtu asikudanganye, deki nayo ni elimu. Alijua dawa nyeusi ya kuulia vijidudu waliyotia kwenye maji ya deki inatokana na lami ya makaa ya mawe, ikachanganywa na sabuni, ndiyo maana ikiingia majini hugeuka nyeupe kama maziwa. Alijua pia inavyoua: huchana ngozi ya kijidudu, matumbo yote yakamwagika nje.

Basi mwaka wa 1948 mkewe, Nasimiyu, akaenda kujifungulia kwao Misikhu. Dada yake Wekoye alikuwa ameuawa na homa ya uzazi, kwa hiyo Wekoye alitanguliza chupa ya dawa ile, kisha akaifuata mbio, roho juu juu.

Alipofika alikwama nyuma ya nyumba. Mkunga alikuwa Nakhungu, mama mkwe wake, na kwa mila Mbukusu hamtazami mama mkwe wala hasemi naye. Ikabidi auambie ukuta: "Ewe ukuta, dawa iko wapi?"

"Ukuta, mwambie mkwe," Nakhungu akajibu kwa fahari, "nimeitia kwenye mavi ya ng'ombe, nimepaka sakafu nzima. Leo hata inzi hatui."

Wekoye akashika kichwa. Salale, dawa haichagui! Ukiipa mavi, inamalizia nguvu zake humo.

"Ukuta, imebaki kiasi gani?"

"Kijiko kimoja."

"Basi mtandikie shuka iliyochemshwa. Wembe na uzi vichemke. Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, uchafu uishe. Ndipo kijiko hicho kitiwe kwenye chupa nzima ya maji yaliyochemka, mikono isuuzwe humo."

"Nimezalisha kijiji hiki chote, leo ukuta unifundishe kunawa?"

Nasimiyu akagumia. Maji yakamwagika, kisha mlango wa nyuma ukafunguka kidogo na mikono miwili mitupu ikatokeza, imelowa.

"Kagua," akasema Nakhungu, uso kaufunika kwa leso.

Wekoye akasogea, akainama, akatazama kila ukucha.

"Kidole gumba cha kushoto. Bado kuna mavi."

Mikono ikarudi ndani. Akasikia inasuguliwa kwa hasira. Ilipotoka tena ilikuwa safi, inanuka lami.

"Sawa, mama," akasema, na hakuuambia ukuta.

Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike alilia. Wekoye akajibanza kwa jirani siku kumi, akingoja homa. Haikuja. Siku ya kumi na moja Nasimiyu akatoka mwenyewe, mtoto mgongoni, akamuuliza mbona amekonda hivyo.