Kiingereza Nakiacha Kituoni

Nilianza kujifunza Kiayalandi kwa hasira, na sioni haya kusema hivyo. Wenzangu kwenye kundi la kujifunza wana sababu nzuri nzuri. Mmoja bibi yake alitoka huko, mwingine anapenda nyimbo zao. Mimi nilikasirika tu.

Binti yangu ameolewa na kijana wa Ayalandi, kutoka upande wa magharibi ambako watu bado wanaongea lugha yao dukani na kanisani. Kijana mwenyewe sina neno naye. Ananiita Mama, anakula ugali kwa mkono na anaosha vyombo bila kuambiwa. Mjukuu wangu alipozaliwa, baba yake alimwongelesha lugha ya kwao tangu siku ya kwanza, na binti yangu akamwongelesha Kiingereza. Mimi nikaanza na changu: njoo kwa bibi, umekula, nani kakuudhi. Mtoto akawa ananitazama mdomo.

Siku moja nilikuwa kwao Stratford namvalisha viatu, binti yangu akaniambia, kwa upole kabisa, "Mum, two languages are enough for her." Lugha mbili zinamtosha, tusimchanganye mtoto. Nikahesabu. Ya baba imo. Ya mtaani imo. Iliyozidi ni yangu.

Huyu ni binti niliyemzaa hapahapa London na kumlea kwa Kiswahili, nikienda shift na kurudi. Anakisikia chote. Msengenye kwa Kiswahili uone kama hatageuka. Lakini tangu alipoanza shule akawa anajibu kwa Kiingereza, mimi naongea changu na yeye anaongea chake, kama nyumba nyingi tu hapa Barking. Hilo nilikuwa nimelizoea. La kuambiwa kwamba kwa mjukuu nisianze kabisa, hilo sikuwa tayari kulizoea.

Kwenye rafu yao palikuwa na kitabu cha kujifunza Kiayalandi ambacho mama mkwe wake alimletea alipoolewa. Alikiweka chini ya chungu cha maua, jalada likapata duara la maji. Nikakichomoa, nikakipangusa, nikakitia mkobani. Akaniuliza nakipeleka wapi.

"Nataka kuijua hiyo lugha iliyokalia kiti changu," nikamwambia.

Kundi nililipata mtandaoni. Tulikuwa watu saba au wanane, tunasoma kitabu hichohicho sura kwa sura, kila Jumanne jioni. Mwalimu hakuna. Kila mtu anajisomea kwake, halafu tunakutana kwenye kioo cha kompyuta, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanafuata kwa kidole. Anayetupangia kurasa ni mzee mmoja Mwingereza, mstaafu wa reli, mtu mwema lakini mtumwa wa saa. Ikifika saa moja kamili anasema "Dia dhaoibh", yaani Mungu awe nanyi, salamu moja kwa wote, halafu anataja ukurasa.

Nikaona hapana. Salamu ya jumla ni ya mwanasiasa jukwaani. Mimi nimelelewa Korogwe, na kwetu huwezi kuingia kwa watu ukapita katikati yao kama mbuzi. Tena kitabu chenyewe kilikuwa upande wangu. Sura ya kwanza kabisa inasema mtu akikuambia Mungu awe nawe, wewe unamjibu Mungu na Mariamu wawe nawe. Jibu lazima liizidi salamu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu jikoni. Nikasema, kumbe watu hawa nawajua.

Basi Jumanne iliyofuata nikamsalimia kila mtu kwa zamu yake. "Dia dhuit," nikasema, yaani Mungu awe nawe, nikasubiri anijibu, nikamuuliza hali, nikamuuliza wa nyumbani, nikamuuliza kazi, kwa maneno machache ya sura ileile niliyokuwa nayo. Nikimaliza mmoja naenda kwa mwingine. Nilipofika katikati mzee wa reli akakohoa, akasema muda unakwenda na salamu moja inatosha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimebakiza wachache. Akanizima sauti.

Nilikiona kile kipaza sauti kidogo kwenye kona ya picha yangu kimepigwa mstari mwekundu, damu ikanichemka. Nimefanya kazi wodini nchi hii miaka mingi. Nimeambiwa nirudie jina langu, nirudie sentensi, niongee taratibu. Kuzimwa sauti kwa sababu ya salamu ndiko kulikokuwa kumebaki. Nikafungua pale pa kuandika ujumbe, nikaendelea na mmoja mmoja: Mungu awe nawe, habari za nyumbani. Mzee anasoma mazoezi, mimi naamkia watu.

Wakaanza kunijibu kwa maandishi. Mungu na Mariamu wawe nawe, akaandika wa kwanza. Akafuata wa pili. Halafu chini yao ikatokea: "Shikamoo dada."

Aliyeandika alikuwa mama wa Kihindi anayeishi Kingsbury, ambaye mpaka siku ile nilimjua kwa miwani yake tu. Kumbe mzaliwa wa Mwanza, baba yake alikuwa na duka karibu na soko. Nikamwandikia MARAHABA kwa herufi kubwa. Kundi zima likataka kujua hayo maneno ni ya sura ya ngapi, na mazoezi ya mzee yakaishia hapo. Mama wa Kingsbury akawaeleza kwamba mdogo ndiye anayeanza na mkubwa anapokea. Wakauliza mkubwa hapa ni nani. Tukatajiana miaka, na mzee wa reli akaonekana ananizidi kidogo. Nikampa shikamoo yake, kwa sababu stahili ni stahili, hata kama mtu amekuzima sauti. Akaitikia marahaba huku amekaa wima, masikio yamemwiva. Jumanne iliyofuata ratiba yake ilianza na neno "Salamu", limetengewa dakika zake, na haikuruhusiwa tena kusoma kabla kila salamu haijajibiwa.

Nikasoma sasa. Nilisoma kwenye basi, nilisoma kazini wakati wa chai. Mwenzangu mmoja wa wodini, Mkongo wa Bukavu, akaniangalia akatikisa kichwa. "Mama, ile luga itakusaidia na nini hapa London?"

"Itanisaidia kugombana," nikamjibu.

Siku za Jumanne mjukuu anashinda kwangu. Mchana mmoja nikamwambia kwa Kiayalandi aniletee viatu vyake. Akanitazama mdomo, kama kawaida yake, kisha akavileta vyote viwili na kuanza kunieleza habari ndefu ya kiatu cha kushoto. Sikuelewa yote. Kiayalandi changu kilikuwa cha maji, viatu na mvua, lakini mtoto wa miaka mitatu naye hana mambo mengi zaidi ya hayo. Mama yake alipokuja kumchukua akatukuta chini kwenye zulia tunabishana, akabaki mlangoni na koti lake.

Nikainuka. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu siku nyingi.

"Kuanzia leo Kiingereza nakiacha kituo cha basi," nikamwambia. "Nikiingia kwako, au ukiingia kwangu, nina lugha mbili. Ya baba mtoto, na yangu. Si ulisema mbili zinatosha? Nimekubali."

"That's not fair, Mum." Eti namwonea.

"Mimi nimejifunza ya watu uzeeni. Wewe ya kwako umezaliwa nayo. Sasa nani amemwonea mwenzake?"

Akambeba mtoto akaondoka bila hata kumfunga kofia.

Nikasimama kwenye neno langu. Nikienda kwao, binti yangu ananiuliza kwa Kiingereza kama nitakunywa chai, nakaa kimya na kiu yangu. Mkwe wangu ananiuliza kwa lugha yake, nakunywa vikombe viwili. Kijana wa watu aliinua mikono juu, akasema hiyo vita ni ya mama na mwanawe, akarudi kwenye vyombo vyake. Binti yangu akaanza kutumia ishara, kunyoosha kidole kwenye sukari, kunyoosha kidole kwenye mlango. Tukafanana na watu wawili waliokatazwa na daktari kuongea.

Sitasema haikuniuma. Kuna wiki hakunipigia simu kabisa. Nilikuwa nachukua simu naiangalia, halafu nairudisha mezani. Niliogopa nisije nikampoteza binti kwa kumtafuta mjukuu. Lakini kila nilipotaka kulegea niliiona siku mjukuu wangu atakapokuwa msichana mkubwa, ananikaribisha kiti kwa adabu kama anavyomkaribisha mgeni, ananiuliza kwa Kiingereza kizuri kama sioni baridi. Nikasema bora tununiane sasa.

Halafu ikaja Jumanne moja ya mvua. Mjukuu alikuwa mapajani mwangu anatafuna andazi, kioo kiko mezani, tuko kwenye salamu. Binti yangu akaingia kwa ufunguo wake, katoka kazini kalowa, akasimama nyuma yangu akimnyooshea mtoto mikono. Kamera ikamnasa. Mzee wa reli, ambaye siku hizi kwa salamu hana mpinzani, akasimamisha kila kitu.

"Tuna mgeni," akasema. Kisha akamwambia binti yangu, polepole na kwa heshima, "Dia dhuit."

Watu wote wakasubiri kwenye vidirisha vyao, kwa sababu salamu isipojibiwa hakisomwi kitu. Sheria yangu mwenyewe. Binti yangu akamtazama mtoto, mtoto yuko na andazi. Ningeweza kumnong'oneza. Nikainamia kitabu changu.

"Mum, what do I..." akaanza, akaishia hapo. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Mama," akasema. "Ni... nijibu nini?"

Maneno yalimtoka kwa kusuasua, na lafudhi yake ilikuwa ya basi la Stratford. Tangu akiwa mdogo wa kwenda shule kwa kushikwa mkono sikuwa nimesikia swali la Kiswahili kutoka kinywani mwa mtoto huyu. Nilitaka kuinuka nimkumbatie na unyevu wake wote. Lakini mimi ndiye mimi.

"Nisalimie mimi kwanza," nikasema.

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa pabaya. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Shikamoo, Mama."

Kabla sijafungua mdomo, kioo kizima kikaitikia: "Marahaba!" Mzee wa reli kwa haki yake. Mama wa Kingsbury kwa haki yake. Na wengine wote, hata vijana ambao ni wadogo kwa binti yangu na hawastahili kabisa, wakaitikia kwa sauti kubwa. Mjukuu wangu naye, mdomo umejaa andazi, akapokea shikamoo ya mama yake mzazi.

"Nyamazeni!" nikawaambia. "Hiyo ilikuwa yangu!"

Nikageuka kwenye kiti, nikamtazama binti yangu usoni.

"Rudia," nikamwambia. "Hawa wameniibia."

Akarudia.