Waceke Hakungoja Mzee Amalize

Waceke ni mtu wa mbio. Ukimsalimia, anakujibu akiwa ameshakupita. Amefanya kazi miaka kumi na nne kwenye kituo chetu cha kupoza maziwa hapa Kitengela, upande wa Noonkopir, na kila mfanyakazi mpya alikuwa anapitia mikononi mwake miezi mitatu kabla ya kuajiriwa. Mimi Mbithi napima maziwa kwenye kachumba kenye dirisha linalotazama tangi, kwa hivyo nimewaona wote, walioiva na waliotoka hapa wakilia.

Mwaka jana aliletewa Kisemei. Mzee wa miaka hamsini na tano kutoka Mashuuru, ukame ulimmalizia ng'ombe wakabaki wanne. Muteti, meneja wetu, akasema mzee anayajua maziwa kuliko sisi sote, afundishwe mashine tu. Mashine hazikumsumbua hata kidogo. Shida ilikuwa kuongea na Waceke.

Kwa kina Kisemei, habari haitolewi haraka haraka. Unasalimia, halafu unaanza na mazuri, moja baada ya lingine, mwenzako akiitikia "ee". Lile baya unaliweka mwisho kabisa, baada ya "ila", wakati roho ya anayesikiliza imeshatulia. Kuanza na baya ni kumkosea mtu heshima. Waceke alikuwa amejifunza kuitikia "Ipa" akiambiwa "Supa", akadhani Umaasai umeishia hapo. Ah!

Kila asubuhi ilikuwa hivi.

"Supa, Madam."

"Ipa, mzee. Tangi iko aje?"

"Iko. Tumelala vizuri. Stima haikupotea. Maziwa ya Isinya yalifika mapema..."

"Poa, mzee, kazi nzuri!" Na Waceke huyo, ameenda.

Nami dirishani nacheka. Sikuona ubaya, haki.

Jumanne moja, miezi yake mitatu ikielekea kuisha, mzee alianza vile vile: wamelala vizuri, stima iko, mlinzi amepona homa. Waceke akaenda. Kisemei akamfuata mpaka kwenye kona, akamkuta ameshika simu, akasimama kungoja, maana kwake mtu mzima hakatizi mwenzake. Waceke akaingia mkutanoni simu bado iko sikioni, mlango ukafungwa. Kumbe chuma cha kukoroga ndani ya tangi kilikuwa kimekwama tangu alfajiri, maziwa hayapoi. Saa nne nilichota maziwa nikayapima, yakaganda papo hapo, yameshaharibika. Lita elfu mbili, zote tukamwaga.

Muteti alifoka mpaka mate yakamruka. "Nani alijua?"

"Mimi hakuniambia kitu," Waceke akasema.

Kisemei alisema tu, "Nilikuwa nafika hapo."

Muteti hakumwelewa. Mimi nilimwelewa vizuri sana, na nikanyamaza, maana Muteti akiwa na hasira hachagui wa kuangukia. Waceke akakaa chini siku hiyo hiyo, akaandika ripoti ya mzee: hatoi taarifa, asiajiriwe.

Alhamisi nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia Waceke tukinywa chai, "Yule mzee ulimwacha njiani. Kila siku unamwacha njiani. Ungemngoja dakika tano tu, angekwambia."

"Mbithi, unanifundisha kazi yangu?"

"Nakwambia nilichosikia."

Alikasirika kweli. Chai aliiacha mezani, mandazi pia, nikayala mimi.

Ijumaa asubuhi nilimwona amegeuza kreti karibu na tangi, amekaa. "Supa" ikaja, akaitikia, kisha akafunga mdomo. Mzee alimtazama kwanza, hakuamini. Halafu akaanza. Stima. Mvua iliyopita Mashuuru. Mbuzi wawili wamezaa. Binti yake Naisenya amepata nafasi chuoni. Tangi limeoshwa, chuma kimetengenezwa, kinazunguka. Waceke anasema "ee", "ee", mguu unamtikisika, lakini hanyanyuki. Dakika saba, niliangalia saa.

"Ila," Kisemei akasema, "meneja alinipatia barua jana jioni, ya kwenda nyumbani. Leo nimekuja kukukabidhi tangi, nisiliache vibaya."

Waceke alikuwa anadhani uamuzi ni wa wiki ijayo. Aibu ilimshika. Alisimama, akaenda moja kwa moja kwa Muteti. Ofisi yenyewe imepakana na kachumba kangu na ukuta ni mbao tu.

"Waceke, niko na simu. Sema kwa kifupi."

"Nilidanganya. Mzee alikuwa ananiambia, mimi ndiye niliondoka. Yale maziwa niliharibu mimi."

Nikasikia simu ikiwekwa mezani.

"Unajua hii itakufanya nini?"

"Najua."

Kisemei alirudi kwenye tangi saa tatu, siku hiyo hiyo. Waceke alipewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye kufundisha. Siku hizi anapokea mitungi langoni, na mbio zake ni zile zile, ila akifika kwa Kisemei anasimama.

Kufundisha wamenipa mimi. Muteti aliniita akaniambia wanataka mtu anayejua kusikiliza, na kwamba watu wote wanasema Mbithi anasikiliza. Nilishukuru, nikatia sahihi. Mpaka leo sijamwambia kwamba hata ile Jumanne nilikuwa dirishani, nilisikia yote, nikajua "ila" ya mzee haijafika, na sikutoka kumwuliza.