Msafara wa Dakika ya Sabini na Moja

Kwa miaka mitatu fundi mwashi hakupanda jukwaa la mashariki, na hakuna aliyegundua. Nani angegundua? Uwanja wa watu elfu nne ulikuwa ukipata mashabiki mia mbili siku ya neema, na siku ya mvua wauza maji walikuwa wengi kuliko wenye kiu. Kila mtu alikuwa na safu yake nzima. Mke na mume waliogombana asubuhi waliweza kuangalia mechi moja wakiwa wametenganishwa na viti mia. Mwalimu mstaafu alikaa safu ya saba, jukwaa la mashariki, peke yake na mwavuli wake, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa amekaa siku timu ilipochukua kombe, na alikuwa bado anangoja la pili. Kwa hiyo fundi alipoigeuza ndoo yake ya saruji nyuma ya goli la kusini na kuikalia, watu walisema kila ndege huruka na ubawa wake, wakamwacha.

Timu iliitwa Siafu. Msimu ule ilikuwa imecheza nyumbani mara kumi na moja na kushinda mara moja, na hiyo moja ni kwa sababu basi la wapinzani liliharibika njiani wakaingia uwanjani wachezaji wanane. "Siafu gani hawa wasiouma?" walicheka watu sokoni. Waliobaki kuishabikia walizoea kuchekwa kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Roho ya hao waliobaki ilikuwa dada mkubwa wa fundi. Kazi yake ilikuwa ushonaji, ila hata wateja wa nguo walimwita Mama Ngoma. Ndiye aliyemlea fundi tangu mama yao alipofariki, na ndiye aliyepiga ngoma kila mechi, wawe watu mia mbili au thelathini, kwa nguvu ileile. Ukimwuliza kwa nini anajichosha alijibu, "Mtoto akifeli mtihani unamtupa? Unamfunga kamba za viatu, anarudi darasani."

Ngoma yake ilikuwa na milio miwili ambayo kila shabiki aliijua. Wa kwanza ni kishindo. Siafu wakipata kona, mashabiki wote husimama, huinua mguu wa kulia na kungoja. Mama Ngoma akipiga mara tatu, wao hukanyaga mara tatu, kwa pamoja. Wa pili ni msafara. Kipenga cha mwisho kikilia, ushindi au kipigo, ngoma hupiga mwendo wa polepole, na watu hushuka jukwaani mmoja nyuma ya mwingine, kama siafu wenyewe, wakazunguka uwanja kuwaaga wachezaji. Hakuna anayekimbia kwenye msafara, wala anayempita mwenzake. Na msafara haukuwahi kupigwa kabla ya kipenga. Kuupiga mapema ni kuwaambia vijana walio uwanjani: tumewachoka, tunakwenda zetu.

Kisha ikaja barua ya ligi. Ilisema kwamba timu zisizo na watazamaji hazina haki ya uwanja. Siafu wakiendelea kuchezea viti vitupu, mechi zao zitahamishiwa mji mwingine, safari ya siku nzima. Jumapili ingekuja kamera ya televisheni, na wakubwa wangetazama.

Mwenyekiti wa klabu aliwakusanya mashabiki baada ya mazoezi. Alikuwa mtu wa tabasamu pana, mwepesi wa hila.

"Kamera inakaa magharibi," alisema. "Inaona mashariki tu. Basi Jumapili kila mwenye miguu akae jukwaa la mashariki, katikati, bega kwa bega. Tukibanana mia tatu, tutaonekana elfu tatu!"

"Na mimi na mwavuli wangu?" aliuliza mwalimu mstaafu.

"Wewe kaa safu yako ya saba, mwalimu, ila Jumapili uzoee kuwa na majirani!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Fundi peke yake hakucheka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi aliuziba ufa, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Miaka mitatu nyuma wakaguzi walitangaza kuja, na nguzo ya tatu chini ya jukwaa la mashariki ilikuwa imepasuka. Maji ya mvua yalikuwa yakipita ndani yake miaka na miaka. Nondo zimeliwa na kutu, zege limelainika. Fundi alimwambia mwenyekiti kwamba nguzo ile ibomolewe, jukwaa lifungwe. Mwenyekiti akamwambia, "Wewe paka tu. Wakaguzi wanaangalia kwa macho, hawaangalii kwa nyundo." Akapaka. Akapiga plasta mara mbili, akalainisha kwa mwiko, akamalizia na rangi ya timu. Wakaguzi waliisifu nguzo ile. Hivi ndivyo mali ya wote inavyouawa: haipigwi mabomu, inapakwa rangi.

Alijipa moyo kwamba watu ni wachache, wamekaa mbalimbali, nguzo itavumilia. Ubovu wa timu ndio uliokuwa ukishikilia jukwaa.

Siku ile ya makofi alimfuata mwenyekiti hadi mlango wa stoo.

"Mwenyekiti, lile jukwaa la mashariki..."

"Si ulilitengeneza wewe?"

"Nililipaka. Sikulitengeneza."

Mwenyekiti alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Ukisema neno hilo leo, kesho hatuna uwanja. Na wa kwanza kuulizwa ni nani? Mwiko ulikuwa mkononi mwa nani?" Akampigapiga begani kwa upole, kama mtu anayemfariji mfiwa, akaenda zake.

Fundi alinyamaza. Alinyamaza siku nne, na chakula kikawa mchanga mdomoni.

Jumapili asubuhi alitangulia uwanjani na kipande cha kioo, chembamba kama kucha. Akakibandika kwa saruji juu ya ufa mwembamba uliokuwa umejitokeza tena kwenye plasta, upande mmoja wa kioo huku, upande mwingine kule. Hiyo ni mbinu ya waashi: kioo hakivutiki wala hakipindi. Ufa ukisogea hata unywele, kioo kinavunjika.

Watu wakaja. Walikuja waliosusa tangu mwaka juzi, wakaja na shemeji na majirani. Mama Ngoma alifika na ngoma mgongoni, kitambaa kipya cha timu kichwani.

"Dada," fundi alimwita pembeni, "leo kaa magharibi."

"Magharibi kuna nini? Nikaipigie kamera ngoma sikioni?"

"Huku kuna jua."

"Jua! Lini uliniona nikikimbia jua? Hebu nikutazame. Mbona umekuwa wa majivu? Una homa wewe."

Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nyuma ya dada yake mwenyekiti alikuwa amesimama, anatabasamu, anapungia watu. Fundi akasema, "Ndiyo, labda homa."

Mechi ilipoanza hakwenda kukaa nyuma ya goli. Aliingia chini ya jukwaa, kwenye nyavu za zamani na mashine ya kukatia nyasi, akakaa mbele ya nguzo ya tatu, macho kwenye kioo. Mchezo hakuuona. Aliusikia juu ya kichwa chake: watu mia tatu arobaini, vicheko, mtu akimtukana refa kwa ufundi mkubwa. Kona ya kwanza ikaja. Kukawa kimya, alijua wameinua miguu. Ngoma ikalia, na kishindo kikashuka. Moja. Mbili. Tatu. Vumbi lilimdondokea kwenye kope. Kioo kilikuwa kizima. Kona ya pili, kizima. Wakaenda mapumziko bila bao, naye akagundua kwamba ameng'ata ngozi ya kidole mpaka damu.

Dakika ya sitini na tisa Siafu walifunga.

Hawakukanyaga kwa ngoma safari hiyo. Waliruka tu, kila mtu kivyake, wakalia, wakakumbatiana, wakaruka tena. Katikati ya kelele zote zile fundi alisikia sauti ndogo sana, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti. Kioo kilikuwa vipande viwili. Kisha plasta kubwa kama sahani ikajibandua, ikaanguka miguuni pake. Nyuma yake nondo mbili zilikuwa zimepinda kama vidole vya mzee.

Alitoka akikimbia, kisha akajizuia. Ngazi za kushukia zilikuwa mbili, nyembamba. Akipiga ukelele watakimbia. Wakikimbia, ama wakanyagane ama jukwaa liwafuate. Akapanda akitembea. Kila kidato alikihisi kwa nyayo, kama mtu anayepita juu ya kitanda chenye mtoto aliyelala. Mwalimu mstaafu akamshika mkono, machozi ya furaha yamemjaa: "Fundi! Hatimaye umekuja kukaa na watu!" Fundi alijitoa mkononi mwake bila kumtazama.

Alimfikia dada yake, akaweka mdomo sikioni.

"Dada, piga msafara."

"Nini?"

"Msafara. Sasa hivi."

"Umerukwa na akili? Tunaongoza! Dakika ishirini zimebaki! Niwape vijana mgongo mbele ya dunia nzima?"

"Nguzo iliyo chini yako imekatika. Ndani haina kitu. Mimi niliipaka plasta. Nilijua, dada. Miaka mitatu najua."

Mama Ngoma alimtazama. Fundi alikuwa amewahi kutazamwa na dada yake kwa hasira, kwa huruma, kwa uchovu. Hakuwahi kutazamwa kama mtu asiyemjua.

Na wakati huohuo refa akaonyesha kona ya Siafu.

Jukwaa zima likasimama. Miguu mia tatu arobaini ikainuka, ikaning'inia hewani. Nyuso zote zikamgeukia Mama Ngoma. Fimbo yake ilikuwa juu. Fundi akafumba macho.

Ngoma ikalia, polepole. Du... du-du. Du... du-du.

Msafara.

Miguu ilishuka taratibu, kwa mshangao. "Mama Ngoma, umelewa?" mtu alifoka. "Dakika ya sabini na moja hii!" "Amenunuliwa huyo!" Yeye alikuwa ameshageuka, anashuka, anapiga, machozi yanampita mashavuni na hayafuti. Aliyemfuata kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Alikunja mwavuli, akasema kwa sauti ya darasani, "Ngoma ikiita, tunakwenda. Tutaulizana chini," na kwa kuwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kuikaidi ile ngoma, wakafuata. Mmoja nyuma ya mwingine, wakinung'unika, wakilaani, lakini wakitembea. Fundi alibaki juu hadi mtu wa mwisho. Alihisi mtetemo mdogo chini ya nyayo.

Uwanjani vijana walisimama kuwatazama watu wao wakiondoka. Kona ilipigwa, haikumkuta mtu. Wapinzani walisawazisha dakika mbili baadaye, kisha wakafunga la pili. Kamera iliona kila kitu: jukwaa tupu, na mstari wa watu wakiipa timu yao mgongo.

Na jukwaa halikuanguka.

"Limeanguka wapi?" Mwenyekiti alikuwa amefika mbio, shati limelowa. "Nionyesheni lilipoanguka! Tumeuzwa na mwoga mmoja!" Watu walimzunguka fundi. Mtu alimsukuma. "Msaliti!" Mwingine akamtemea mate karibu na kiatu.

Fundi alichukua nyundo, akainama, akaingia tena chini ya jukwaa. Hilo ndilo lililowanyamazisha: jinsi alivyokuwa akitetemeka, na bado anaingia. Waliomfuata walisimama kwenye nyasi, hatua kadhaa nyuma. Alipiga plasta mara moja, kidogo tu. Ikabanduka kama ngozi ya kidonda. Kisha akaingiza mkono ndani ya nguzo. Uliingia hadi kiwiko. Alipoutoa alikuwa ameshika gao la kile kilichokuwa zege, laini kama biskuti iliyolowa chai.

Fundi alipotoka na watu wote wakasogea mbali, mwenyekiti alikuwa na simu sikioni, anaongea na mtu ambaye huenda hakuwepo.

Mwalimu mstaafu alikaa kwenye nyasi.

"Safu ya saba iko juu ya nguzo hiyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Miaka mitatu."

"Ndiyo."

"Na kila mechi ulinisalimia."

Fundi alikuwa amedhani kwamba watu wakishashuka salama, hofu nayo itashuka. Ilikuwa palepale, imekaa, kama mgeni asiyeaga.

Dada yake alisogea. Hakumgusa.

"Ni hapa tu?"

Fundi alijifuta vumbi la zege mkononi.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Wewe ni fundi wa mji mzima. Wapi kwingine walikwambia upake tu?"

Kuta na ngazi zilimpita machoni moja moja, safi, zimelainishwa vizuri, kazi ya mkono wake. Alizikagua zote. Akafika kwenye moja, akasimama hapo.

"Ngazi za shule," alisema. "Zile za kwendea ghorofani."

Mama Ngoma alihesabu kitu kimyakimya kwa midomo. Watoto wake wawili walisoma ghorofani.

"Kesho ni Jumatatu," alisema. "Mwalimu mkuu anakaa wapi?"

"Nyumba yake naijua," alisema mwalimu mstaafu, akainuka kwa shida kutoka kwenye nyasi.

Fundi alibaki nyuma. Dada yake alingoja kidogo, kisha akamshika mkono, kwa nguvu, wala si kwa upole, wakaondoka wote watatu.