Shavu la Mama Mdogo

Juzi kliniki aliingia mama mmoja kutoka Mnyambe, taya limevimba kama ngumi, na juu ya shavu ana kovu jeusi. Muuguzi wangu akamfokea: "Nani kakupaka mafuta ya maganda ya korosho?" Harufu ile ikanirudia puani.

Alasiri moja nikiwa mtoto, kwetu Kitangari, mama alikuwa akichoma korosho kwenye bati na moshi ulituwasha macho. Mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo, alikaa kwenye mkeka, shavu limetuna. Mimi niliamini ameficha korosho mdomoni.

"Mama mdogo, nigawie na mimi."

"Sina kitu, mwanangu."

Nikamwona mchoyo. Ndipo mama akaniita nishike kikopo cha mafuta meusi ya maganda, yale yanayobabua ngozi, akayapaka kwenye uvimbe kwa unyoya wa kuku ili uive upasuke. Mama mdogo hakupiga kelele. Alifumba mdomo, machozi yakimtiririka, nami nikawaza kwa hasira: anabana asije akadondosha korosho zake.

Tulimzika kabla mikorosho haijatoa maua tena, na nilikuwa bado sijamsamehe.

Leo mimi ni daktari wa upasuaji wa kinywa na taya. Uvimbe kama ule nautoa kwa saa chache, na mgonjwa anarudi kwao anatafuna. Juzi ile muuguzi aliendelea kumfokea yule mama, akinitazama nimuunge mkono. Nilishindwa. Kikopo nilikishika mimi.