Uchaguzi wa Maji Niliouhamishia Desemba

Mimi ndiye niliyependekeza uchaguzi wa kamati ya mradi wetu wa maji uhamishwe kutoka Aprili hadi Desemba. Niliandika pendekezo hilo hapa Doha, nimekaa kitandani katika kambi ya wafanyakazi ya Industrial Area, nikalituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Nilitoa sababu tatu: mvua, kazi za shamba, na watu wa mjini wanaorudi nyumbani mwisho wa mwaka. Ya nne sikuitaja. Likizo yangu, ya mara moja kila miaka miwili, ilikuwa Desemba.

Kwetu mgombea husimama kando ya tangi, watu wakapanga mstari nyuma yake. Asiyekuwepo hana mstari. Mwenyekiti huishi kijijini na hupata posho. Kwangu hiyo ndiyo ingekuwa njia ya kurudi nyumbani moja kwa moja. Nilikuwa nimejifundisha mambo ya mabomba na presha kwa miaka sita, nikajaza madaftari mawili.

Kijiji kilikubali. Kisha kampuni ikabandika ratiba mpya ya likizo. Mimi nilisogezwa hadi Machi. Desemba alipewa jirani yangu, wa kitanda hapa na wa shamba kule, mlinzi kama mimi, asiyejua tofauti ya bomba la inchi moja na la inchi mbili.

"Mzee, umenipangia Krismasi!" alicheka. "Wanasema nigombee."

"Utawaambia nini kuhusu maji?"

"Kwamba yanateremka. Si uniazime daftari moja?"

"Hutalielewa."

"Basi nitalishika tu, nionekane msomi."

Sikumpa.

Video ya uchaguzi ilinifikia nikiwa zamu, kwenye lango la jengo moja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Niliisimamisha, nikahesabu mstari wa jirani. Mtu wa tatu alikuwa mke wangu.

Nilimpigia. "Hata wewe?"

"Ulitaka nisimame nyuma ya nani, baba watoto? Nyuma ya simu?"

Jirani alishinda, hakurudi tena Doha. Kitanda chake bado kitupu, na kila nikikiona roho inaniuma upya. Jana alipiga.

"Mzee, bomba la juu linapasuka kila wiki. Nipigie picha ule ukurasa wa presha."

"Ngoja niutafute," nilimjibu.

Daftari lilikuwa mapajani mwangu, limefunguliwa ukurasa huohuo.